Tunanunua moteri, tunasahau boti

Baraka, Fizi – Majuma mawili yaliyopita, katika matangazo ya asubuhi, nilisema neno moja ambalo limeniletea matusi mengi kuliko habari zote za vita nilizowahi kusoma mbele ya mikro. Nilisema kwamba familia inayonunua boti ndogo yenye moteri ya 40 kwa ajili ya safari zake za nyumbani, kati ya Baraka na Ubwari, imetupa makuta yake, na siku moja inaweza kutupa watu wake. Simu ziliingia mpaka fundi wa mitambo akanionyesha kwa kidole nifunge mazungumzo. Kijana wa Mboko aliuliza ni muuzaji gani wa moteri za 15 amenilipa. Mama mmoja wa hapa mjini alisema mimi ni mtu wa kiti na meza, sijui ziwa. Wa mwisho ndiye aliyeniuma: "Ninyi waandishi munataka tubakie na kafi mpaka lini?"

Dakika tatu za redio hazikunitosha kujibu. Ninajibu hapa, na neno langu silirudishi nyuma.

Tuanze na hilo la kutojua ziwa. Nimezaliwa Ubwari. Nilipofika sekondari nilivuka ghuba kuja kusoma Baraka nikikaa juu ya mifuko ya mihogo, nimebana bidoni ya mawese kati ya magoti isianguke, na kazi yangu safarini ilikuwa kutoa maji ndani ya boti kwa kopo la maziwa ya unga. Lakini ushahidi wangu mkubwa si huo. Ni kwamba kosa ninalolisema lilifanywa na familia yangu mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale pale, na sikulizuia.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu sasa, baba mdogo, yaya zangu wawili na mama mkubwa, ambaye kikundi chake cha AVEC kilikuwa kimetoka kugawana akiba, waliunganisha makuta wanunue boti ya jamaa. Ukiwa Ubwari, ziwa ndiyo barabara yako. Tulitaka chombo cha kupeleka mihogo na mawese sokoni, kuleta chumvi, sabuni na mabati, kuvusha watoto wakati wa egzeta, kupeleka mgonjwa hospitali, kwenda matangani. Kazi za nyumbani. Siku hiyo hakuna aliyetaja biashara ya kubeba abiria.

Tuliletewa boti mbili, bei karibu sawa.

Ya kwanza ilikuwa ya mchuuzi wa samaki. Metre saba hivi, nyembamba, imepakwa buluu na nyekundu, ubavuni wameandika jina la mchezaji mpira wa Ulaya. Nyuma yake moteri ya 40, bado inang'aa. Ya pili ilikuwa ya mzee mvuvi aliyechoka na usiku wa ziwani. Metre tisa, mbao za mvule, pana kiasi kwamba mtu mzima akilala kwa kukingama, kichwa na miguu havigusi mbavu za boti. Rangi imekwisha, inanuka ndagala, na kofia ya moteri yake ya 15 imefungwa kwa kamba ya shambrea.

Munajua ni ipi ilinunuliwa.

Siku ya kujaribu, vijana wawili waliwasha ile ya 40 wakakata mbele yetu kama mshale. Boti iliinuka juu ya maji, watoto wakapiga kelele, shangazi akapiga kigelegele. Mzee wa boti pana naye akawasha yake, ikaenda polepole, tuf tuf tuf, watu wakacheka. Nilijaribu kusema: hii ya mbio ina watu wawili ndani, tuweke kwanza mifuko ya mihogo tuone. Baba mdogo akanitazama kwa upole, akasema: "Mwanangu, wewe unapanda pikipiki siku zote. Mambo ya maji tuachie sisi." Mtu hamjibu baba yake mbele ya watu. Nikanyamaza. Ndiyo sababu leo ninaandika kwa sauti kubwa.

Kile nilichotaka kusema ndicho hiki. Boti ya mbao iliyobeba mzigo haipandi juu ya maji, inalima maji. Na kila boti inayolima maji ina mwendo wake, unaotokana na urefu wa sehemu inayokaa majini. Ya metre tisa hufika kilometa 12 au 13 kwa saa bila kuhangaika. Ya metre saba, chini kidogo ya hapo. Ukiilazimisha kuzidi wakati imejaa, inainua pua, inakalisha nyuma, na kuvuta wimbi kubwa mgongoni mwake. Nguvu yote uliyonunua inakwenda kutengeneza wimbi lile. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kwenda shule; waangalie wakirudi asubuhi na samaki, hakuna anayefungua moteri yote. Mshale ule tuliopigia kigelegele ulikuwa mshale kwa sababu ulikuwa mtupu.

Sasa hesabu ya mzigo wa nyumbani. Watu wanane, wakubwa na wadogo, ni kama kilo 400. Mifuko mitano au sita ya mihogo mikavu, kilo nyingine 400 au zaidi. Ongeza bidoni za mawese, moteri, esansi, kuku wa shemeji. Umefika tani moja. Katika boti nyembamba ya metre saba tani hiyo inaacha mbao ndogo sana juu ya maji, na wimbi la boti nyingine tu likipita linaingia ndani. Katika boti pana ya metre tisa, bado unaweza kupima shubiri mbili za mbao kavu kutoka ukingoni hadi majini. Shubiri mbili. Hicho ndicho kipimo cha mzee yule mvuvi, na ningependa kila mama ajue kukipima kabla ya kuweka mtoto ndani.

Juu ya esansi, tusidanganyane. Moteri ya 40 ya mipigo miwili, ikifunguliwa yote, inakunywa karibu litre 20 kwa saa: bidoni nzima. Ya 15 inakunywa saba au nane. Na esansi yenyewe haiendi peke yake, inachanganywa na mafuta, litre moja kwa litre 50, maana yake karibu nusu litre katika kila bidoni. Anayepunguza mafuta hayo ili aokoe makuta anachoma pistoni, na 40 iliyochoma pistoni ni gharama ya shamba. Mtu ataniambia: 40 ukiiendesha taratibu haitakunywa sana. Kweli. Lakini nionyeshe kijana mmoja wa Baraka aliyenunua 40 ili aiendeshe taratibu.

Kuna na uzito. Moteri ya 15 ni kama kilo 40, kijana mmoja mwenye nguvu anaibeba begani na kuilaza nyumbani. Ya 40 inapita kilo 70. Kilo hizo zinaning'inia kwenye ubao wa nyuma, na ubao huo katika boti zetu umefungwa na misumari, na mishono yake imezibwa kwa pamba na mawese. Kila mara unapofungua moteri, unasukuma ubao ule kama mtu anayesukuma mlango ambao haufunguki. Kwetu haukumaliza mwaka. Ulianza kutoa maji pole pole, tukaweka pamba. Yakazidi, tukaweka bati na lami. Mwisho yaya akatia chuma cha fundi wa kuunganisha, kilo nyingine kumi nyuma ya boti ambayo tayari ilikuwa inakaa matako.

Ziwa letu lina hadithi yake juu ya jambo hili. Mwaka 1915, wakati wa vita ya Waingereza na Wabelgiji dhidi ya Wadachi, Waingereza walileta boti mbili za moteri, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, kisha zikapanda treni, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, mpaka Lukuga, pale tunapoita leo Kalemie. Boti za metre 12, zenye mbio kuliko kila chombo cha Tanganyika wakati ule. Walizifunga mizinga mbele. Lakini mbao zake zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mzinga haukuweza kupigwa kwa upande, ungevunja boti yenyewe. Ilibidi kulenga mbele tu. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani, kwa hiyo sisemi hazikufanya kazi. Ninasema hata jeshi la mfalme lilipofunga nguvu kubwa juu ya mbao nyembamba, mbao ndizo zilizoamua. Sisi tunafikiri za kwetu zitatuogopa.

Sasa nije kwenye hoja kubwa ya walionipigia simu, ile ambayo haina mzaha: mgonjwa. "Usiku mke akishikwa na uchungu wa kuzaa, utampeleka na 15?" Ndiyo. Na nitaeleza kwa nini, ingawa si kitu ninachopenda kuandika.

Mwaka jana, kiangazi, shemeji yangu alishikwa na uchungu saa nne za usiku. Boti ya 40 ilikuwa ufukweni. Tangi lilikuwa kavu. Siku mbili mbele vijana walikuwa wamevusha watu wa ndoa, wakamaliza esansi yote, na makuta ya kununua nyingine yalikuwa bado yanasubiriwa. Esansi ya 40 haikai nyumbani, ndugu wasomaji. Ni nyingi mno kuiweka akiba. Familia maskini inanunua ya safari moja, inaimaliza, inasubiri safari nyingine. Yaya alizunguka nyumba kwa nyumba na chupa ya litre moja na nusu akiomba. Alipata kama litre nne, na moteri ile ingezinywa kabla ya katikati ya ghuba. Wakaenda kuamsha jirani. Jirani ana boti nzito na moteri ya 15, na chini ya kitanda chake kuna bidoni ndogo ya litre kumi ambayo hata mkewe hana ruhusa ya kuigusa. Waliondoka karibu saa saba. Walifika Baraka alfajiri. Shemeji ni mzima. Mtoto hakupona.

Muuguzi alituambia labda hata kufika saa mbili mapema kusingebadilisha kitu. Ninaliandika kwa sababu ndilo alilosema, na sitaki kusema moteri iliua mtoto. Ninasema tu kwamba usiku ule chombo chenye mbio kuliko vyote kijijini kilikuwa kimelala mchangani, na kile kilichochekwa ndicho kilichokwenda.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "40 inaokoa wagonjwa", ninamuuliza swali moja: tangi lako sasa hivi lina nini?

Kuna jambo jingine tunalolijua wote na hatulisemi tukiwa kwenye duka la moteri. Moteri ya 40 inatafutwa. Wavuvi wa Fizi wameporwa moteri ziwani mara ngapi, tumetangaza mara ngapi? Mwizi wa majini, mwenye bunduki au asiye nayo, anataka ile itakayomkimbiza au kuuzwa upesi. Na si mwizi tu. Kuna watu wenye silaha wanaokuja mchana kweupe kuomba boti "kwa kazi ya dakika kumi", na boti inarudi baada ya siku nne bila esansi, au hairudi. Wanachagua ipi? Sijawahi kuona wakichagua ile inayonuka ndagala. Familia ikinunua 40 imetundika bendera juu ya nyumba yake.

Na risasi zikilia? Hapa ninaomba wazazi wanisome taratibu. Kwetu boti ni mlango wa nyuma wa nyumba. Mwaka 1996 na tena 1998 wakaaji wengi wa Fizi walivuka mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, bado ina watu wetu na watoto wa watoto wao. Wazee wakisimulia, hawakumbuki mwendo wa boti. Wanakumbuka nani aliingia na nani alibaki ufukweni. Nyumbani kwetu tuko watu 14 pamoja na nyanya. Boti ya buluu na nyekundu inachukua sita kwa usalama, saba tukishikana. Nilimuuliza yaya mkubwa: siku hiyo ikija, wewe ndiye utachagua? Aliondoka akaenda kuvuta sigara.

Najua mtu atasema boti ya mbio itafanya safari mbili. Siku ya risasi hakuna safari ya pili.

Nisiwe mjinga wa upande mmoja. Kuna watu ambao 40 ni haki yao. Mchuuzi anayetoka hapa kwenda Uvira au Rumonge na boti ndefu ya metre 12 au zaidi, yenye ubao wa nyuma uliojengwa kwa moteri hiyo, na ambaye kila safari inalipa esansi yake, yule anafanya biashara na hesabu zake anazijua. Anayezunguka nje ya Ubwari, upande ule usiofichwa na mlima, wakati upepo wa kusini unapovuma kuanzia mwezi wa tano, anahitaji nguvu ya kupambana na maji. Ghuba yetu ya Burton imefunguka kaskazini, na Ubwari inatukinga na sehemu kubwa ya upepo huo. Nje yake ni ziwa lenye kina cha metre 1470 na upana wa kilometa 50 kwa wastani. Lakini familia inayopeleka mihogo Baraka siku ya posho na kurudi jioni inanunua chombo cha Rumonge kwa nini? Inanunua kwa sababu jirani anacho. Tuseme tu ukweli.

Na kwa sababu 40 inakula zaidi ya inavyoleta, inabidi itafutiwe kazi. Hapo ndipo boti ya nyumbani inapogeuka kuwa boti ya abiria, bila mtu kuamua. Kwanza unachukua jirani mmoja achangie esansi. Halafu wawili. Halafu kijana anasimama bandarini anaita: "Ubwari, Ubwari, mmoja bado!" Boti ya watu sita inabeba 13, kwa sababu watu sita hawalipi bidoni. Kila mwenye boti niliyeongea naye ameniambia hadithi ile ile, na kila mmoja anafikiri ni yake peke yake.

Tumezika watu wa kutosha kwa namna hii. Desemba 2014, meli Mutambala, yenye jina la mto wetu, ilizama katika ziwa hili upande wa Kalemie, zaidi ya watu 100 wakafa. Aprili 2019, upande wa Kalehe katika ziwa Kivu, watu wengi walipotea kwa usiku mmoja, na rais Tshisekedi alifika pale akatangaza kwamba kila abiria lazima avae jile ya kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024, Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Hizo ni kubwa, zilitangazwa duniani. Zetu ndogo, za watu watatu, watu watano, zinaishia kwenye matanga.

Jile ni lazima, limesemwa na rais. Simama asubuhi moja kwenye bandari zetu ndogo uhesabu. Mimi nilihesabu siku moja boti tisa, nikaona jile nne, tatu zikiwa zimewekwa chini kama mito ya kukalia. Wanaokusanya ushuru walikuwepo. Waliangalia mifuko, waliangalia bidoni, waliangalia karatasi. Shingo za watoto hawakuziangalia. Lakini sitawaachia wao mzigo wote, maana jile za familia yangu hazikukosekana kwa sababu ya mtoza ushuru. Zilikosekana kwa sababu makuta yote yaliishia kwenye moteri. Tofauti ya bei kati ya 40 na 15, moteri peke yake, ingewavika watu wote 14 wa nyumbani kwetu na kubakiza ya buji, helisi ya akiba na bidoni ya chini ya kitanda.

Helisi ya akiba sisemi kwa mapambo. Tangu maji ya ziwa yalipopanda, 2021 na tena 2024, kuna kuta za nyumba na visiki vya miti chini ya maji pale ambapo zamani tulicheza mpira. Ukifika ufukweni na mbio, unaigonga nyumba ya mtu. Spea za 15 unazipata kwa kila mvuvi, moteri moja ikifa inazaa tatu. Spea za 40 unangojea mtu atoke Uvira au Kigoma, na mara nyingine analeta za uongo.

Basi mtu anayesimama leo mbele ya boti mbili aangalie nini? Asiwashe moteri kwanza. Akatae kabisa isiwashwe, mlio unalewesha. Apande ndani, asimame ubavuni kwa mguu mmoja, aone inavyoinama. Aingize kisu kwenye mbao karibu na misumari, hasa nyuma na chini. Kikiingia kama kwenye muhogo uliooza, aondoke. Aombe ipakiwe mzigo wa kweli, mifuko na watu, halafu apime shubiri zake. Aiache majini usiku mzima, asubuhi aone maji yaliyoingia, kwa sababu kila muuzaji anakausha boti yake kabla mnunuzi hajafika. Bidoni sita tupu za litre 20, zikifungwa vizuri chini ya viti, zinashikilia karibu kilo 120 juu ya maji boti ikijaa. Aulize kama kuna nafasi ya kuzifunga. Moteri aiangalie mwisho. Moteri inabadilishwa. Boti mbaya haibadilishwi na kitu.

Na kama ana mama au bibi ambaye ndiye atakayesafiri na watoto, huyo ndiye aulizwe kwanza. Siku yetu ya kununua, mama mkubwa ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya makuta, na hakuna aliyemuuliza. Juzi nilimuuliza. Alisema yeye tangu mwanzo alipenda ile iliyonuka ndagala, kwa sababu angeweza kunyoosha miguu.

Kwa yule aliyesema ninataka tubakie na kafi: ndugu yangu, moteri ya 15 si kafi. Na hata kafi, usiisahau ndani ya boti. Sisi tuliisahau.

Baba mdogo amesoma maneno haya kabla sijayatuma, kwa sababu ni mambo ya nyumba yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia niache kila kitu kama kilivyo, ila niondoe jina la kijiji. Nimeliondoa. Boti tunaiuza. Mzee mvuvi wa boti pana alikwisha kuiuza zamani kwa watu wengine, kwa hiyo tunatafuta nyingine ya namna ile, na safari hii mama mkubwa ndiye atakayepanda kwanza.

Mnunuzi wa 40 amekuja tayari, siku ya posho iliyopita. Ni kijana wa upande wa Kazimia, ana mke na watoto wanne, anataka ya kusafirisha familia. Nilimwambia yote niliyoandika hapa, mpaka yaya akanikasirikia kwamba ninaharibu biashara. Kijana alisikiliza vizuri, akashukuru. Halafu akaomba tuiwashe asikie.